Kiporo cha Skelby

Jumamosi, 9 Agosti

Msimu umeanza leo na tayari watu wamenichosha. Tumeshinda mbili bila hapa nyumbani, dhidi ya timu iliyokuja na mchezaji mmoja tu wa akiba na kipa mwenye kitambi. Watazamaji hawakutosha kujaza hata upande mmoja wa uzio, lakini Mwenyekiti Crabtree alizunguka akipeana mikono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Crabtree anauza mazulia. Anaujua mpira kama mimi ninavyojua kufuma sweta. Baada ya mechi alinishika bega mbele ya akina mama wa chai akatangaza kwamba mwaka huu Harrowbeck Town inapanda daraja, la sivyo atatafuta kocha mwingine. Katika ligi yetu anapanda wa kwanza tu. Nikamwambia nimemsikia.

Katikati ya wiki nafundisha watu kuendesha gari, na sijui kundi lipi lina vichwa vigumu zaidi. Mwanafunzi ukimwambia akanyage breki anakanyaga mafuta. Beki wangu ukimwambia abaki nyuma anapanda mbele. Tofauti ni kwamba kwenye gari nina breki ya upande wangu.

Katika kikosi kizima kuna mtu mmoja anayejua kucheza, naye ni Reece Haigh, mshambuliaji, fundi wa kufunga majukwaa ya ujenzi. Hasemi sana, na kwa hilo nampenda. Alilelewa na mama yake mkubwa, Bi Glenys Barraclough, ambaye anatunza uwanja wetu bure tangu mumewe akiwa hai. Huyo mama huongea na nyasi, nimemsikia kwa masikio yangu. Leo wengine wakishangilia yeye alikuwa tayari golini na uma wake wa bustani, anarudishia vipande vya nyasi vilivyong'oka, katikati kabisa ya picha ya mtu wa gazeti. Nilimwambia asogee. Akasogea.

Jumanne, 19 Agosti

Sare. Refa anahitaji miwani, na mke wa kumwambia ukweli.

Jumatano, 27 Agosti

Nimewachukulia Ingleworth beki wao wa kati. Wachezaji wa ligi hii hawana mikataba. Ukimtaka mtu unaipelekea klabu yake notisi, unasubiri siku saba, unamchukua. Ni halali kabisa. Kocha wao alinipigia simu nikiwa katikati ya somo na Bi Whitwam, ambaye ameshafeli mtihani mpaka wasimamizi wanamjua kwa jina.

"Huna haya, Pickersgill," akasema. "Yule kijana nimemkuza mimi."

Nikamwambia asiyeweza kushika wachezaji wake akafuge kuku. Akakata simu. Bi Whitwam akaniuliza kama nafuga kuku.

Ijumaa, 12 Septemba

Kibao kipya cha juu ya gari kimefika. PICKERSGILL, herufi nyeusi juu ya rangi ya njano, na taa ndani yake. Kinasomeka kutoka mwisho wa barabara ya kanisani. Trevor, msaidizi wangu, alisema kinafanana na cha teksi. Trevor amevaa kofia ile ile tangu nimfahamu, kwa hiyo maoni yake kuhusu mambo ya kupendeza nayaweka kando.

Nilipita dukani kwa samaki na viazi nikakiacha kikiwaka mbele ya lango la uwanja. Kila Ijumaa jioni mji mzima husimama pale kwenye foleni, ng'ambo ya barabara, wakiongea habari zile zile za Ijumaa iliyopita. Ukitaka kujua Harrowbeck ina watu wa aina gani, simama kwenye ile foleni. Mimi huagiza, nalipa, naondoka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumeshinda tatu moja, Reece kafunga mbili. Tuko wa pili. Wa kwanza ni Skelby United, chini ya Micky Tordoff, mtu anayevaa miwani ya jua kwenye manyunyu. Alikuwa amekaa jukwaani leo, anakula pai, anaandika. Alimwandika Reece, najua. Alipopita mbele ya benchi letu alimsalimu Trevor kwa jina na mimi akaniita "ndugu yangu." Mimi si ndugu yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ushindi. Uwanja mzuri, lazima niseme. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Upumbavu wa hali ya juu. Tunaongoza, zimebaki dakika chache, beki wao anamtukana Reece sikioni, na Reece, ambaye hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, anamtia kiwiko cha pua mbele ya refa. Kadi nyekundu, mechi tatu nje. Nilimuuliza alitukanwa nini. Akasema yule beki alimwona Bi Glenys mapumzikoni akichoma nyasi kwa uma, akauliza yule ajuza ni wa nani.

"Na ndiyo sababu ya kuniharibia msimu?" nikamuuliza.

"Ndiyo, bosi," akasema, na akaenda kuoga.

Mechi ya tatu ya adhabu yake ni tarehe 29. Skelby, hapa nyumbani. Bila yeye tutapigwa, hilo hata Trevor analielewa.

Jumamosi, 22 Novemba

Sare ya bila kufungana. Bila Reece washambuliaji wangu ni kama watu waliopotea wakitafuta kituo cha basi.

Ijumaa, 28 Novemba

Naandika haya kwa sababu siku moja nitataka kukumbuka nani alikuwa na akili katika klabu hii.

Adhabu huhesabiwa kwa mechi, si kwa tarehe. Mechi isipochezwa, haihesabiwi. Kesho tusipocheza na Skelby, Reece ataimalizia adhabu yake Jumanne kule Penbury, kwa timu ya mkiani ambayo hata wapishi wetu wangeifunga. Skelby watarudi siku nyingine, na Reece atakuwepo.

Tatizo ni kwamba wiki nzima hakujanyesha. Nilifika uwanjani saa kumi jioni, Bi Glenys anamalizia kazi.

"Umekauka vizuri, Roland," akaniambia. "Kesho mtacheza kama kwenye zulia la Crabtree."

Nikamwambia aende akanywe chai, baridi ni kali, mimi nitafunga lango. Akanishukuru. Nilisubiri apotee kwenye kona, nikasubiri tena kitambo asije akarudi, nikafungua bomba, nikavuta mpira wa kumwagilia mpaka goli la chini, nikaulaza pale maji yatiririke. Nikarudi kukaa kwenye gari na joto limewashwa. Mwanafunzi wangu wa saa kumi na mbili nilimwambia anifuate hapo hapo langoni nisipoteze muda, basi nikawasha kibao aweze kuniona. Ng'ambo ya barabara foleni ya samaki ilikuwa imefika kituo cha basi. Wanasimama kwenye baridi kama ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa, macho mbele, hawaoni kitu. Mwanafunzi alipofika nikaenda kufunga bomba, buti zikizama, na nikamfundisha kurudi nyuma kwenye kona.

Jumamosi, 29 Novemba

Refa wa ukaguzi alikuja saa tano asubuhi. Alitembea mpaka goli la chini, akakanyaga, kiatu kikabaki. Mechi imeahirishwa. Basi la Skelby lilikuwa limeshafika nusu ya njia. Tordoff alinipigia simu, nikamwambia hali ya hewa ni kazi ya Mungu.

Crabtree alikuja na koti lake la ngozi ya kondoo. Akauliza kama kumenyesha usiku. Bi Glenys akasema hapana. Akauliza basi maji yametoka wapi. Tulisimama wote tukitazama dimbwi, mimi, Trevor, nahodha wetu Gavin Sugden aliyekuwa bado na begi lake la posta, na yeye.

"Labda mifereji ya chini imeziba," nikasema. "Sijui mara ya mwisho ilikaguliwa lini."

Bi Glenys alinitazama. Nilidhani atabisha, nilikuwa na majibu tayari. Hakubisha. Alikwenda kuleta uma wake akaanza kuchoma matundu pembezoni mwa dimbwi, na Sugden akaweka begi chini akamsaidia. Sugden ni mtu wa kujipendekeza kwa kila mtu.

Jumanne, 2 Desemba

Tumeshinda Penbury mbili bila. Reece amemaliza adhabu. Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua. Imeahirishwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua. Imeahirishwa. Goli la chini halijakauka tangu siku ile.

Ijumaa, 26 Desemba

Mechi ya siku ya pili ya Krismasi, ambayo hujaza uwanja kuliko zote, imeahirishwa. Dimbwi limeganda. Watoto walikuwa wanateleza juu yake na skafu zao mpya. Crabtree alitupa sinia zima la pai na akanieleza hasara yake pai moja moja. Skelby wao wamecheza leo, wameshinda. Viporo vyetu, mechi tunazodaiwa, vimeanza kuwa vingi.

Jumamosi, 3 Januari

Barafu.

Jumanne, 13 Januari

Kikao cha kamati, kwenye baa ya klabu, chini ya picha za timu za zamani ambazo nazo hazikushinda kitu. Watu kumi na watatu na sahani ya sandwichi. Crabtree alisema ligi imetuandikia kuhusu mechi zilizoahirishwa na kwamba lazima mtu awajibike. Kisha akasema kwamba mume wa binti yake ana kampuni ya kutengeneza bustani, ana mashine, na yuko tayari kuchukua uwanja kuanzia kesho. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepata wazo sekunde ile ile.

Bi Glenys alikuwa amekaa mwisho wa meza na koti lake limefungwa vifungo vyote. Akauliza kama kuna mtu ana la kusema kuhusu kazi yake. Watu wakatazama sandwichi. Halafu akanigeukia mimi.

"Una la kusema, Roland?"

Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa kwenye ulimi. Nikatazama msimamo wa ligi uliobandikwa ukutani nikaona sisi tuko nyuma ya Skelby kwa pointi ambazo Reece anaweza kuzifuta kwa miguu yake, na nikasema hapana, sina.

Tukapiga kura. Niliinua mkono pamoja na wengine. Bi Glenys akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza mbali kidogo na siagi, akasema uma ni wake mwenyewe, ataondoka nao.

Nadhani ni bora kwake. Umri umekwenda na baridi hii si ya kuchezea. Mtu lazima awe na moyo mgumu kidogo katika kazi kama yangu.

Alhamisi, 15 Januari

Mazoezini Reece alikuja mapema. Nikamweleza kwamba mambo ya kamati ni ya kamati. Akasema, "Sawa, bosi." Akafunga mabao matano kwenye mechi ya mazoezi, yote kwa hasira, kwenye goli la kipa wetu maskini. Mwache akasirike, ilimradi afunge.

Jumamosi, 24 Januari

Mkwe wa Crabtree amepitisha mashine yake. Uwanja unafanana na shamba la viazi. Anauliza goli la chini ni lipi.

Jumamosi, 7 Februari

Kiporo cha Skelby kilikuwa kichezwe leo. Kimeahirishwa tena, mara hii kwa haki kabisa. Tordoff alikuja mwenyewe kukagua, akasimama kwenye tope na miwani yake ya jua, akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 10 Februari

Imeahirishwa.

Jumamosi, 14 Februari

Theluji.

Jumamosi, 21 Februari

Tulicheza ugenini, tukashinda. Nilikuwa nimesahau mpira unafananaje.

Jumatano, 4 Machi

Barua pepe ya ligi. Kwa kuwa tumeshindwa mara mbili kutoa uwanja unaofaa, mechi yetu ya Skelby itachezwa Skelby, siku ya mwisho ya msimu. Na viporo vyetu vingine vimepangwa Jumamosi, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Jumatatu, kana kwamba wachezaji wangu hawana kazi. Sugden anaamka saa kumi alfajiri kupeleka barua. Kipa anafanya zamu machinjioni. Nilimpigia simu katibu wa ligi nikampa vipande vyake. Akaniambia kwa upole kwamba kalenda haina siku nyingine.

Ijumaa, 13 Machi

Skelby wametoa notisi ya siku saba kwa ajili ya Reece.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Haina kosa. Ijumaa ijayo yuko huru, kabla usajili wa mwisho wa Machi haujafungwa, na siku ya mwisho ya msimu atacheza dhidi yetu. Mechi ile ile niliyoihifadhi kwa ajili yake.

Nilimpigia Tordoff.

"Ndugu yangu," akasema, "si nasikia kuku wana faida siku hizi?"

Kumbe yule wa Ingleworth alisambaza habari ligi nzima.

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimezungumza na Reece. Nilimsubiri kwenye maegesho baada ya mazoezi yake ya mwisho. Nilimwambia najua Skelby wana fedha, lakini fedha si kila kitu, sisi ndio tuliomtoa gizani, na kama kuna anachotaka aseme, nitambana Crabtree. Nilisema mengi. Akaweka begi chini akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wachezaji wangu hawalifanyi.

"Skelby hawanilipi zaidi, bosi."

"Basi nini?"

"Unakumbuka Ijumaa ile kabla ya mechi yao? Mama mkubwa alikuja moja kwa moja kutoka hapa, amefurahi, anasema Roland leo kanionea huruma, kaniambia nikapumzike. Akanituma nikanunue samaki."

Nikaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

"Nilikuwa kwenye foleni," akasema. "Wote tulikuwa kwenye foleni. Tumekuona unavuta mpira wa maji, tumekuona unarudi kukaa. Jina lako lilikuwa linawaka juu ya gari, bosi. Mtu mmoja akasema labda anamwagilia maua."

Nikamuuliza mbona hakuna aliyesema. Hapo ndipo alipotazama pembeni kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilitaka kusema. Mama mkubwa akanikataza. Akasema wewe si mtu mbaya, ni mtu wa majigambo tu, utasema mwenyewe. Siku ya kikao alivaa koti lake zuri. Alikuwa na uhakika utasema."

Akachukua begi lake. Akanipa mkono, na mimi nikaupokea, kwa sababu sikujua wangu niufanyie nini.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekasirika mpaka sikuweza kufundisha. Bi Whitwam alipita kwenye taa nyekundu na mimi natazama nje. Wamejua! Tangu Novemba wamejua, Sugden amejua, kipa amejua, Trevor amejua na kofia yake, na kila Jumamosi wamekaa mbele yangu wakinisikiliza nikiongea juu ya nidhamu. Wanafiki wakubwa. Nilimwendea Sugden kwenye njia yake ya barua, barabara ya kanisani, nikamuuliza kama hana haya.

"Sisi nasi tulitaka kupanda, bosi," akasema. Alikuwa ameshika barua za watu kifuani. "Ulipofanya vile, nilisema moyoni, afadhali. Halafu siku ya kikao nikaona aibu, lakini wewe hukusema, nikaona nianzie wapi mimi."

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Mji mzima uliinua mkono pamoja nami. Nimekuwa nikiwadharau watu hawa miaka yote kwa ujinga wao, kumbe kosa lao ni kwamba wanafanana na mimi.

Jumamosi, 28 Machi

Tumeshinda moja bila. Beki niliyemchukua Ingleworth kafunga kwa goti. Hakuna aliyenishangilia wala kunizomea. Sasa naona wanavyonitazama, hawanitazami. Nilikuwa nadhani ni heshima.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamechoka. Sugden alisinzia kwenye basi akiwa amesimama. Tumetoka sare.

Alhamisi, 16 Aprili

Tumeshinda, sijui vipi. Wanakimbia kama watu wanaolipa deni la mtu mwingine. Sikuwapigia kelele mapumzikoni. Niliwapa chai. Trevor aliniuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 21 Aprili

Hesabu imekaa hivi: Skelby wako juu yetu kwa pointi mbili, na ni Jumamosi, kwao. Tukishinda tunapanda. Sare au kushindwa, tunabaki, na mimi naondoka.

Nimeamua kumwambia Crabtree ukweli. Baada ya mechi. Mtu hawezi kuvuruga timu kabla ya mechi kama hii. Nimeisoma sentensi hiyo tena na nimeona inafanana na zote nilizoandika tangu Novemba.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua ilinyesha kutwa, na uwanja wa Skelby ulikunywa yote. Watazamaji wengi kuliko nilivyowahi kuona katika ligi hii. Reece alivaa jezi yao nyekundu, akawasalimu wenzetu mmoja mmoja kwenye njia ya kuingilia, hata kipa, akafika kwangu akasema, "Bosi." Bi Glenys alikuwa amekaa upande wetu, na skafu yetu shingoni. Nilimwona kabla hatujaanza na nikapata kazi ya kufanya na kamba za viatu.

Kipindi cha kwanza tuligonga mwamba wa goli. Ninasema kwa haki, sijawahi kuona timu yangu ikicheza hivyo. Watu waliochoka vile hawana nguvu ya kufanya upumbavu, basi wakacheza mpira. Dakika ya sabini Sugden alifunga kwa kichwa kutoka kona, na Trevor akarusha kofia yake, ndipo nikaona ana upara. Tulikuwa tumepanda daraja kwa muda wa robo saa.

Halafu krosi, isiyo na madhara, beki wangu wa Ingleworth angeweza kuitoa akiwa amelala. Miguu yake ikakataa. Reece alikuwa nyuma yake. Hakupiga kwa nguvu hata kidogo, aliuweka tu ndani, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya watu. Skelby nzima ikalipuka. Yeye hakushangilia. Alisimama pale pale mikono chini, akatazama kule alikokaa mama yake mkubwa, naye Bi Glenys alikuwa amejifunika uso na skafu yetu, analia kwa ajili yetu.

Moja moja. Skelby wamepanda.

Tordoff alinikumbatia bila ruhusa. Crabtree nilimkuta kwenye korido, akanipa mkono akasema asante kwa yote, klabu itachukua mwelekeo mpya. Nikamwambia kabla sijaondoka lazima ajue jambo, mechi ya Novemba haikuharibiwa na mifereji wala na Bi Glenys, ni mimi niliyefungua bomba.

"Najua, Roland," akasema, akifunga koti lake. "Nilikuwa wa tatu kwenye foleni."

Nikamuuliza basi kwa nini alimfukuza yule mama.

"Mkwe wangu hakuwa na kazi," akasema.

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau Crabtree dakika ile, na ilichukua njia nzima ya kurudi Harrowbeck kwa basi, watu wamelala, mvua madirishani, mpaka dharau hiyo ikakosa mahali pa kushukia ila kwangu.

Ijumaa, 8 Mei

Bi Whitwam amefaulu. Alilia, nikampa kitambaa.

Jioni nilikwenda kununua samaki. Nilisimama kwenye foleni, sikuwa nimesimama humo kwa haki miaka mingi, yaani kusimama na kuongea. Hakuna aliyenisema. Mtu wa mbele yangu alinieleza habari za goti lake kwa urefu. Mama wa dukani akauliza kama kawaida kama nataka chumvi na siki, nikakumbuka kwamba ameniuliza hivyo kila Ijumaa tangu Novemba, na alikuwa anajua.

Lango la uwanja lilikuwa wazi. Mkwe wa Crabtree amepata kazi kwingine, na kamati, bila kikao na bila sandwichi, ilimpelekea Bi Glenys funguo zake kwa mkono wa Sugden. Goli la chini limepandwa upya, mbegu tupu juu ya udongo mweusi, na mpira wa kumwagilia ulikuwa umelazwa pale, maji yakitoka taratibu. Yeye alikuwa anafunga vifungo vya koti, uma begani, anaondoka.

Nilivuka barabara na samaki wangu kwenye karatasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno, marefu, mazuri. Nikaanza, "Bi Glenys, siku ile ya kikao..."

"Utakula hapa?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, labda, kwenye benchi.

"Vizuri. Yaache maji mpaka umalize kula, mbegu zinataka kiasi hicho," akasema, akapita karibu yangu kuelekea langoni. "Halafu funga bomba, Roland. Unajua lilipo."